Gari Lililopewa Mgongo

Ukumbi wa maonyesho ulifurika tangu milango ilipofunguliwa, na joto la watu likayashinda mapangaboi yote ya darini. Katikati, juu ya jukwaa lililozungushiwa kamba, gari lilikuwa limejilaza chini kama paka anayevizia. Rangi yake ilikuwa ya chungwa bivu, pua yake nusura iguse sakafu, na bawa lake la nyuma lilisimama juu ya kila kitu. Injini haikuwa mbele, wala haikuwa kwenye buti. Ilikaa katikati, nyuma tu ya viti viwili, chini ya kioo, ili kila mwenye macho aione.

Mhandisi alisimama katikati ya watu. Alivaa gauni la kijani lililomkaa vyema kiunoni, viatu virefu vya kuazima kwa binamu yake, ambavyo vilimbana vidole bila huruma, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Alikuwa amejificha. Gari lile amelilea tangu likiwa mistari kwenye karatasi, na leo alitaka kuwasikia watu wakilisema bila kujua kwamba mama mzazi yupo.

Na watu walilisema hasa.

"Redio iko wapi hapa?" aliuliza bwana mmoja mwenye tumbo la heshima, kichwa chake kikiwa kimepenya dirishani.

"Injini iko mgongoni kwako, redio ya nini?" mwenzake akamjibu.

"Na mlango unavutwa kwa utepe? Hiki si kitambaa tu?"

"Kishikio kina uzito, bwana. Hili si gari la kwendea sokoni. Hili linapelekwa uwanjani, linakimbia, linarudi nyumbani kulala."

"Kiyoyozi je?"

"Fungua dirisha."

"Dirisha lenyewe halifunguki."

Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alilitazama bawa la nyuma kwa makini, kisha akasema kwamba angalau pa kuanikia nguo pamepatikana. Watu wakacheka. Mhandisi naye alicheka, ila alimwekea yule mama kinyongo kidogo. Karibu yake, kijana mwenye ndevu alikuwa amelala chali sakafuni, shati jeupe na yote, akichungulia uvungu wa gari. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa. "Hata chini wamelipenda," alisema, hakumwambia mtu yeyote, akaenda zake. Mhandisi alitamani kumkimbilia amkumbatie, lakini viatu havikumruhusu.

Ndipo alipomwona mtu akigonga. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la buluu iliyopauka, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, suruali iliyopigwa pasi ikanyooka. Ameinama juu ya kamba, anaugongagonga mlango wa gari kwa kifundo cha kidole, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Kaka, pameandikwa usiguse," Mhandisi alisema.

"Sijagusa, dada. Nimebisha hodi."

"Na wenyewe wameitika?"

"Wameitika. Wanasema nyumba ni nyepesi, na fanicha wameuza yote."

Mhandisi aliing'amua sauti ile kabla sentensi ya kwanza haijaisha. Kila Jumamosi asubuhi ilijaa jikoni kwa shangazi yake, ikitoka kwenye redio iliyokaa juu ya friji. Wasikilizaji walimwita Sikio. Walimpigia simu, wakasogeza simu karibu na injini za magari yao mabovu, naye akiwa studio akawaambia ugonjwa ni nini. Wengine hawakuwa hata na magari. Walimpigia wamsikie tu akicheka.

Hakumwambia kwamba amemtambua. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejua tofauti ya gia na breki, kama gari lile ni zuri.

"Wewe unalionaje?" Sikio akamrudishia swali.

"Mimi nimemsindikiza shangazi yangu tu. Yule pale, anayejipepea." Na kweli shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, mlinzi mwenyewe amesimama. "Naliona dogo. Halina nafasi."

"Lina nafasi ya watu wawili," Sikio alisema, akimtazama. "Wawili si wachache, inategemea ni nani na nani."

Mhandisi alishukuru kwamba amevaa miwani. Waliongea mpaka mabega yao yakasukumwa na umati yakagusana, na hakuna aliyesogea. Alipokuwa akiaga, Sikio alimwomba namba ya simu, akasema huenda akakumbuka kasoro ya kumwambia.

"Kasoro ya gari au yangu?"

"Yako bado sijaiona. Ndiyo maana nahitaji muda."

Alimpigia jioni ile ile, jua halijazama. Shangazi alikuwa mezani akimenya viazi, masikio amesimamisha.

"Habari za nyumbani, Mhandisi?" Sikio alisema.

"Nani kakwambia mimi ni mhandisi?"

"Wewe. Mtu mgeni akisikia gari linasemwa vibaya hucheka. Wewe ulikuwa unacheka huku umekunja ngumi. Nikajua hapa kuna mzazi."

"Na wewe nimekujua tangu uliposema hujagusa. Shangazi yangu anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi."

"Mwambie shangazi nimemwona. Nimejua pia wewe uzuri umeutoa wapi."

"Amesemaje?" shangazi akauliza kutoka mezani.

"Amesema upunguze chumvi kwenye viazi," Mhandisi akajibu, na upande wa pili wa simu Sikio akacheka kile kicheko ambacho watu hupiga simu wakisikie. Safari hii kilikuwa cha mtu mmoja.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, nayo yalishika kasi. Sikio alimpitia karakanani wakati wa chakula cha mchana, wakala wamekaa juu ya tairi zilizopangwa, yeye na shati lake safi, Mhandisi na ovaroli lenye madoa ya grisi. Alimtania kwamba ananukia petroli, kisha akamsogelea zaidi. Mhandisi alimfundisha kwa nini injini ikae katikati, kwamba uzito ukiwa kiunoni gari hugeuka upesi, kama mtu anayejua kucheza. Sikio alimsikiliza kwa namna ambayo Mhandisi hakuwahi kusikilizwa. Hakumkata kauli hata mara moja, yeye ambaye kazi yake ni kuongea.

"Ila hujaniambia," Mhandisi alimwambia siku moja kwenye simu. "Wote wamesema. Wa bawa wamesema bawa, wa redio wamesema redio. Wewe gari langu unalionaje?"

"Sijalisikia likiwaka, mpenzi. Gari lisilowashwa ni picha."

"Basi njoo uwanjani siku ya kuliwasha. Simama mbele kabisa. Nataka niuone uso wako."

"Uso wangu una nini?"

"Hauwezi kudanganya. Mdomo wako unaweza."

"Nitasimama mbele," Sikio alisema. "Naahidi."

Mhandisi alipokata simu alijua amejifunga mwenyewe. Watu wangesema watakavyo, magazeti yangeandika yatakavyo, na mabosi wake wangepongezana kwa mikono miwili. Ilikuwepo hukumu moja tu aliyoitaka, nayo ilikuwa kwenye uso wa mtu aliyempenda. Likimfurahisha yeye, basi miaka yote ile haikwenda bure.

Siku ilipofika, jua lilikuwa limeshapanda na lami ya uwanja wa mbio ilikuwa inameta. Mhandisi alivaa ovaroli jeupe, jipya, nywele kazifunga kwa kitambaa cha njano ili Sikio amwone kwa mbali. Mashabiki walijaa ukingoni mwa njia, nyuma ya uzio, na simu zao zote juu. Sikio alikuwa mbele kabisa kama alivyoahidi. Alipomwona alinyanyua mkono, na Mhandisi akanyanyua wake.

Dereva wa majaribio aliingia garini akijipinda. Alikuwa mama wa makamo, karakana nzima ilimwita Kona kwa sababu ndizo alizozipenda, na alikuwa na mdomo usiojua kubembeleza. "Niwashe au mnataka hotuba?" aliuliza.

Siku zote gari likiwashwa, Mhandisi huwa ameinamia mishale ya vipimo vya mitambo, haoni mtu wala ndege. Leo kazi hiyo aliwaachia wasaidizi wake. Akasimama kwenye ukuta mfupi wa kando ya njia, macho kayaelekeza kwa mtu mmoja.

Injini ilikohoa mara moja, ikashika. Ilianza kwa mngurumo mzito uliopanda miguuni kutoka ardhini, kisha Kona akaikanyagia, na sauti ikapanda, ikanyooka, ikawa nyembamba na kali hadi watu wakashika vifua. Wapo waliopiga kelele. Mhandisi hakuwasikia. Alimwona Sikio akifumba macho, na alipokuwa anasubiri ayafumbue ili aone kilichomo, Sikio akageuka. Aligeuka taratibu, mwili mzima, akaliangalia jukwaa tupu la watazamaji lililokuwa nyuma yake, mikono kaifunga kiunoni, kichwa kakiinamisha. Akalipa gari mgongo. Na alibaki hivyo hivyo mpaka Kona akauzunguka uwanja akarudi, na injini ikazimwa.

Kitu kilikatika ndani ya Mhandisi. Kabla hajakiokota, mwandishi wa habari alikuwa ameshamfikia na kipaza sauti.

"Mhandisi, hongera. Ila tumemwona Sikio wa redio amekupa mgongo mbele ya kadamnasi. Unasemaje?"

Ulimi hauna mfupa. "Debe tupu haliachi kuvuma," Mhandisi alisema. "Anavuma redioni mwaka mzima. Leo limekuja jambo la kusikiliza, kumbe hana cha kusikilizia."

Waandishi waliinama kwenye simu zao kwa pamoja. Adhuhuri haijaingia, maneno yale yalikuwa yameshazunguka mji mzima, na picha ya mgongo wa Sikio imewekwa kando ya uso wa Mhandisi uliojaa hasira.

Sikio alimpigia alasiri.

"Mpenzi, umeniita debe?" Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomzidishia Mhandisi hasira zake.

"Umenipa mgongo mbele ya watu wote."

"Sikukupa wewe mgongo."

"Gari langu ni mimi."

"Ndiyo maana nili—"

Mhandisi akakata. Akaifungia namba ile isipite tena kwenye simu yake, akaiweka simu kifudifudi mezani, akalia kwa sauti. Shangazi alikuja akamshika bega, hakuuliza kitu, naye si mtu wa kutouliza.

Jumamosi ilikuwa ngumu. Shangazi aliwasha redio kama kawaida. Msikilizaji wa kwanza hakuwa na gari bovu. Alikuwa na debe, akaligonga kwenye simu, akakata huku akicheka. Wa pili naye alikuwa na debe. Wa tatu alikuwa na sufuria, akasema debe hana ila ujumbe ni ule ule. Sikio aliwashukuru kila mmoja, akaendelea na kipindi. Mmoja tu alimuuliza bila mzaha, lile gari jipya analionaje.

"Lile nimeshalisema," Sikio alijibu. "Aliyenielewa amenielewa."

"Umesikia dharau hiyo?" Mhandisi alisema. "Zima hiyo redio, shangazi."

"Redio ni yangu. Wewe zima hasira zako," shangazi akasema. "Mtu anagongewa madebe kwa maneno yako, na bado hajasema hata neno moja baya juu yako. Mtu mwenye dharau hawi hivyo, mwanangu."

Sikio hakuja nyumbani, wala hakuja karakanani. Yeye naye alikuwa na heshima yake, na aliyeitwa debe mbele ya watu hawezi kwenda kubisha hodi kwa aliyemwita. Mchana Mhandisi alikula peke yake juu ya tairi. Kila alipogundua jambo jipya kwenye gari, mkono ulikwenda kwenye simu kumwambia, ukarudi. Maagizo ya gari yalimiminika, mabosi wakamwita shujaa, na yeye akawa anasema asante kama mtu anayepewa pole. Alijua kwamba anampoteza, na kwamba kila siku inayopita inamsaidia kumpoteza.

Kona ndiye aliyemfungua macho, tena bila kukusudia. Aliingia karakanani na kikombe cha chai, akaegemea meza.

"Hivi wewe kwa nini umenuna?" aliuliza. "Mimi tangu siku ile natembea sigusi chini. Nimeendesha magari tangu sijaolewa mpaka nimekuwa bibi, na sijawahi kupewa mgongo hata mara moja. Siku ile nililia ndani ya kofia ngumu. Miwani ikajaa ukungu, nusura nikose kona ya kwanza."

Mhandisi akaweka spana chini. "Ulilia kwa aibu?"

"Aibu ya nini?" Kona akamtazama, kisha akamtazama tena. "Mama wee. Hujui."

"Sijui nini?"

"Wewe huwa umeinamia mishale yako, utajulia wapi." Kona alitoa simu mfukoni, akatafuta video iliyopigwa kutoka juu, jukwaa la watazamaji la upande wa pili. "Tazama. Usimtazame yeye tu. Tazama uzio wote."

Mhandisi alitazama. Gari liliwaka. Simu zilikuwa juu, vijana wakirukaruka. Na katikati ya vurugu ile, mmoja baada ya mwingine, watu walikuwa wakigeuka. Aligeuka Sikio, akageuka yule bwana mwenye tumbo la heshima aliyekuwa akitafuta redio. Waligeuka wazee wawili walioshikana mikono. Aligeuka kijana mwenye ndevu. Safu nzima ya migongo ilisimama pale kando ya uzio, vichwa vimeinama, mikono imefungwa kiunoni, kama watu walio kwenye ibada. Mhandisi alikuwa ameutafuta uso mmoja, akakosa kuiona migongo yote ile.

"Hao ni wapenzi wa magari wa kweli," Kona alisema. "Gari likiwa la kawaida wanapiga picha, wanakula karanga, wanakwenda kwao. Likiwa la maana wanalipa mgongo. Wanasema jicho linahongwa na rangi, na bawa, na jina la kampuni. Wakigeuka, limebaki sikio peke yake. Ni kama kusema: sihitaji kukuona, nimekuamini."

"Kwa nini wasiseme kwa mdomo, kama watu?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanaogopa kutuharibu." Kona akanywa chai. "Na hawaelezi. Heshima ukishaanza kuieleza inakuwa unaidai."

Mhandisi alikaa juu ya tairi. Tusimfiche, kilichomjia kwanza hakikuwa majuto. Ilikuwa fahari, iliyompanda kutoka miguuni kama ule mngurumo wa injini yake. Watu wale, na ndimi zao zilizosema bawa la kuanikia nguo, walikuwa wamelipa gari lake kitu ambacho Kona hakuwahi kukipata kabla ya siku ile. Kisha ndipo majuto yakaja, nayo yalikuja na sauti ya madebe.

"Nimpigie simu?" aliuliza.

"Ulimtukana chumbani, mkiwa wawili?"

"Hapana."

"Basi ndio hivyo," Kona akasema, akaenda na kikombe chake.

Jumamosi iliyofuata Mhandisi aliendesha gari lake la kawaida, lenye redio na kiyoyozi, hadi maegesho ya kituo cha redio. Alivaa lile gauni la kijani, na miguuni viatu vyake mwenyewe. Hakushuka. Alikaa nyuma ya usukani akapiga namba ya kipindi, ile ambayo mji mzima unaijua kwa kichwa.

"Jina?" aliuliza dada wa kupokea simu.

"Msikilizaji."

"Gari gani, na tatizo ni nini?"

"Gari halina tatizo. Mwenye gari ndiye anayetoa kelele."

Yule dada akasema kwa sauti ya chini, "Subiri hapo hapo, dada yangu. Usikate." Mhandisi akasubiri, akisikia dereva wa teksi akieleza mlio wa breki zake kwa kirefu, na Sikio akimwambia polepole cha kufanya.

"Karibu, msikilizaji," Sikio alisema. "Tusikie."

"Mimi ndiye niliyekuita debe tupu."

Redioni kimya ni kitu kikubwa. Jikoni kwake shangazi aliacha kisu hewani. Kwenye gereji, kwenye maduka, kwenye teksi zilizokuwa kwenye foleni, watu waliongeza sauti.

"Nakusikia," Sikio alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti ile ile anayowaulizia wote: "Kelele inatokea wapi?"

"Kifuani. Upande wa kushoto."

"Inazidi wakati gani?"

"Simu isipolia."

"Simu si ulifunga mwenyewe isilie?"

"Nimeifungua. Haijalia bado."

"Na ilianza lini?"

Mhandisi alivuta pumzi. "Siku niliyoutazama uso mmoja, nikasahau kuutazama uwanja. Sikujua mgongo ule una maana gani. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza, nilitukana. Nilikutukana mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Wenye madebe wayarudishe jikoni. Na wale wengine wote walionipa mgongo siku ile, popote mlipo, nawashukuru. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Sikujua kwamba naweza kuheshimiwa kiasi hicho."

"Mimi nami nina kosa," Sikio alisema, na sauti yake, ambayo haijawahi kutetereka hewani, ikatetereka. "Uliniomba uso, nikaahidi. Injini ilipolia nikaisahau ahadi. Mwili uligeuka wenyewe. Wasikilizaji, huyu mwanamke ametengeneza gari linalomsahaulisha mtu neno lake."

"Hiyo ni radhi au ni sifa?"

"Ni radhi. Sifa zitakuharibu." Akawageukia wasikilizaji. "Sasa naweka muziki, maana mtangazaji wenu macho hayaoni vizuri."

Jikoni, shangazi alifungua dirisha, akamwambia jirani aliyekuwa akianika nguo kwamba mtoto yule ni wa kwake, amemlea yeye, na ajulishe na wengine.

Kipindi kilipokwisha Sikio alitoka kwa mlango wa mbele, shati limechomoka upande mmoja, na akamkuta Mhandisi ameegemea gari lake chini ya jua. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa kusogea.

"Umepiga kutoka hapa?" aliuliza.

"Nilitaka ukiniambia nipotee, nisikie na mlango ukifungwa."

"Mpenzi."

"Bado ni mpenzi?"

"Kwani nilikufuta? Uliyefuta ni wewe." Alisogea, akamshika mikono yote miwili. "Ila nimechoka na watu. Ulichonitukana wamesikia, ulichoniomba wamesikia, hata kifua chako upande wa kushoto wanaujua. Niambie kimoja cha kwangu peke yangu."

Mhandisi alimtazama usoni, na uso ule ulikuwa wazi kabisa. Aliweza kuyapima maneno, ndiyo kazi yake, lakini safari hii hakupima. Alisogeza mdomo sikioni pake.

"Nioe," alisema.

Sikio hakutikisika. "Sijasikia."

"Wewe hujasikia?"

"Nimesikia. Nataka tena."

Mhandisi akarudi nyuma hatua moja, akainua kidevu. Hakuwa na aibu, wala hakuona sababu ya kuwa nayo. Alikuwa mwanamke aliyetengeneza kitu ambacho watu walikigeuzia migongo kwa heshima, na alijua anachokitaka.

"Nimesema nioe," alisema, kwa sauti iliyovuka maegesho yote.

"Ndiyo," alisema Sikio, kabla Mhandisi hajamaliza.

Mlinzi wa getini, ambaye hakuna aliyemuuliza, aliweka gazeti lake chini, naye akasema ndiyo.